Nabii aliyejua kila kitu na mama aliyesema hajui

Naandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye simjui. Huenda uko Kisumu, huenda uko Busia au Siaya. Mtoto wako ana ugonjwa usioisha, na mtu mwema, mtu anayekupenda kweli, amekuambia kuna mtumishi wa Mungu mahali fulani ambaye akimwekea mtoto mikono mambo yatakwisha. Sina nia ya kukuzuia usiombewe. Mwanangu anaombewa kila Jumapili hata sasa, na mimi ni wa kwanza kupiga magoti. Ninachotaka ni ujue tulikopita, pesa zilivyotoka, na maswali ambayo mtu angetuuliza mapema tungeokoa mengi.

Kijana wetu alianza kuanguka akiwa gredi ya pili. Mwalimu wake alinipigia simu nikiwa soko la Kibuye, ninakoshona sare za shule, akaniambia nije upesi. Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka katika ofisi ya walimu, kaptura imelowa, ananitazama bila kunitambua. Baada ya muda akaanguka tena nyumbani mbele ya baba yake. Tukaenda hospitali, akapimwa damu, akafanyiwa kipimo cha umeme wa ubongo, na daktari akatuambia ni kifafa. Alitueleza bila haraka. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, na kwa watu wengine umeme huo huvurugika ghafla, fahamu zinapotea na mwili unakakamaa na kutetemeka. Si ugonjwa wa kuambukiza. Lile povu la mdomoni halimwambukizi mtu yeyote akiligusa. Akatuandikia kabamazepini, asubuhi na jioni, kwa dozi ndogo ambayo alisema ataipandisha kidogo kidogo kila tukirudi kliniki.

Dozi hiyo ya kwanza ilipunguza kuanguka lakini haikukomesha. Na kila alipoanguka, mtaa mzima ulikuwa na la kusema. Kuna jirani aliyewakataza wanawe kula naye sahani moja. Kuna mwingine aliyekuja na kijiko mbio mbio ili akitie katikati ya meno yake, na nikamshukuru, kwa sababu hata mimi sikujua kwamba hilo halifai. Mume wangu ni fundi wa umeme, mtu wa kupima kila waya kabla ya kuugusa. Usiku nilimsikia akitoka kitandani kwenda kusimama mlangoni pa chumba cha mtoto, anasikiliza kama anapumua, anarudi, anatoka tena. Watu wakisema kwamba wanaofuata manabii wa namna ile ni wajinga, mimi hukumbuka zile nyayo za usiku. Uchovu ndio uliotupeleka kule.

Aliyetualika ni rafiki wa mume wangu, wanayefanya kazi pamoja, mtu mnyofu ambaye hata leo siwezi kumsema vibaya. Ibada ilikuwa ndani ya hema kubwa nje kidogo ya mji. Waimbaji walikuwa wazuri, watu walitukumbatia, mama mmoja alimbeba mwanangu begani bila kuogopa. Kwa familia ambayo ilikuwa imezoea kuepukwa, jambo hilo peke yake lilitosha kuturudisha Jumapili iliyofuata. Nasema hivi ili ujue kwamba kupendwa na watu wa mahali fulani si ushahidi kwamba anayewaongoza anasema kweli. Wale watu walitupenda kwa dhati. Wengi wao walikuwa wameumizwa vilevile.

Kabla ya kumwona nabii, ulijiandikisha. Meza iliwekwa nje chini ya mwavuli, na msichana mwenye beji shingoni alijaza karatasi: jina, kwenu ni wapi, shida ni gani, ilianza lini, wazazi wako hai, babu na nyanya wa mtoto wanaishi wapi, kuna mtu unayemshuku? Kujiandikisha kulikuwa Sh500. Kadi ya kukaa viti vya mbele ilikuwa Sh2,000. Mume wangu alipoulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Mbale." Mtu yeyote wa huku anajua Mbale ya Vihiga, kwa Wamaragoli, chini ya saa moja kwa matatu kutoka Kisumu. Huko ndiko mama mkwe wangu anakoishi.

Ibada ikapamba moto, nabii akashuka madhabahuni, akasimama mbele yetu na kufumba macho. Akasema, "Namwona mama mzee. Yuko ng'ambo ya mpaka. Yuko Uganda, mji wa Mbale. Ana chungu chini ya kitanda, na ndani ya chungu kuna nywele za mtoto huyu." Hema zima likaitikia, "Funua, baba, funua!" Mume wangu akaanguka kifudifudi akilia.

Ni kweli kuna Mbale nyingine Uganda, chini ya Mlima Elgon. Lakini mama mkwe wangu hajawahi kuvuka mpaka hata siku moja. Usiku ule nilimwambia mume wangu, "Baba watoto, yule mtu amesomewa ile karatasi, na aliyemsomea hakuuliza ni Mbale gani." Akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema huenda babu zake walitokea upande wa Bugisu, na kwamba Mungu huona mbali kuliko sisi. Sikubishana naye. Alikuwa amepata kitu ambacho hospitali haikuweza kumpa, yaani mtu wa kulaumiwa, na nilimwona akilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Hapo ndipo pesa zilipoanza kutoka. Kuvunja chungu kulihitaji mbegu, ndivyo walivyoita sadaka ya kuombea jambo, ya Sh15,000. Mafuta ya kumpaka mtoto kila jioni yalikuwa Sh1,000 kwa chupa. Kwa kuwa ni mzaliwa wetu wa kwanza, kulikuwa na sadaka ya mzaliwa wa kwanza, Sh30,000, ambayo mume wangu aliikopa kwenye sacco. Kisha mfungo wa pamoja na sadaka yake, kisha kitambaa, kisha mbegu ya kulinda mbegu ya kwanza. Niliuza cherehani yangu ya ovaloki. Baadaye, yote yalipokwisha, nilipiga *334# nikaomba taarifa ya M-Pesa, nikaketi na kalamu nyekundu nikizungushia kila malipo yaliyokwenda kwenye namba ya wale wa hemani. Yalipita Sh110,000. Wakati huohuo, dawa ya mwanangu ya mwezi mzima ilikuwa haifikii bei ya chupa moja ya yale mafuta. Kama uko ndani ya jambo la namna hii sasa, fanya hesabu hiyo leo. Malipo madogo madogo hayaumi, kwa hiyo huwezi kuyaona mpaka uyaandike mahali pamoja.

Lakini pesa si jambo lililotuumiza zaidi. Nabii alituagiza tusile chakula kinachotoka kwa mama mkwe, tusimtembelee, wala tusipokee simu yake mpaka chungu kivunjike. Desemba ile hatukwenda nyumbani. Yeye, bila kujua kosa lake, alimpa kondakta wa matatu mfuko wa ndizi na mrenda atuletee, jinsi alivyokuwa akifanya kila mwezi. Mume wangu aliuchukua mfuko stendi kwa sababu hakutaka kumwaibisha mama yake mbele ya kondakta, akauleta, akauweka nje kwenye baraza. Hakuna aliyeuingiza ndani. Ndizi ziliiva, zikawa nyeusi, nzi wakazijaa, na kijana wetu kila akipita aliuliza, "Mama, hizi za nyanya hatuli?" Yule mama alikuwa amefua nepi za mtoto huyu kwa mikono yake wakati nilipokuwa nimelazwa baada ya kujifungua.

Kuhusu dawa, nataka uwe makini sana hapa. Nabii hakutuambia waziwazi tuache dawa. Alisema tu mbele ya watu wote kwamba huwezi kushika imani kwa mkono mmoja na vidonge kwa mkono mwingine. Wanaofanya kazi hii wanajua kuchagua maneno. Jambo likiharibika, utaambiwa hakuna aliyekushurutisha. Vidonge vikabaki kabatini. Hatukujua, na hakuna aliyekuwa pale wa kutuambia, kwamba dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kuanguka kunaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kunaweza kuja mfululizo mtoto asipate hata nafasi ya kuzinduka.

Ilikuwa mwisho wa Aprili 2023. Redio na televisheni zote zilikuwa na habari moja, Shakahola kule Kilifi, makaburi yanafukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu, watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Hesabu ya miili ilikuja kupita 400. Jumapili ile nabii wetu alisema wale walikosa baba wa kiroho wa kweli, na watu wakapiga makofi. Niligeuka nikamtazama mume wangu. Hakupiga makofi.

Katika siku hizo, usiku mvua ikinyesha, kijana akaanguka. Akatulia kidogo bila kufumbua macho, akaanguka tena, na tena. Jirani yule aliyekuwa akiwakataza wanawe ndiye aliyeamka akawasha tuktuk yake, akatupeleka Russia, kama watu wa Kisumu wanavyoendelea kuiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi. Alichomwa sindano, akawekewa dripu, akawekewa hewa. Muuguzi akageuka akauliza, "Dawa aliacha lini?" Mume wangu alimwambia ukweli wote, mpaka habari za chungu. Muuguzi hakumkaripia. Alisema, "Baba, hata mimi ni mtu wa kanisa. Siku ukiwa na swali juu ya dawa, hata kama ni swali la imani, njoo utuulize sisi kabla ya kuiacha." Nimelishika neno hilo na nimewapa watu wengi.

Mtoto alizinduka kesho yake alasiri, akaomba chai. Mume wangu akatoka nje akampigia simu msaidizi wa nabii kumweleza. Akaambiwa imani ilitikisika mahali, na sasa ilihitajika sadaka ya uhai. Hakuuliza ni kiasi gani. Alikata simu, akakaa kwenye ngazi za hospitali, kisha akampigia mama yake.

Mama mkwe alifika na matatu ya kwanza asubuhi. Hakuuliza ulikuwa wapi mwanangu, hakuuliza mbona hamkushika simu. Aliomba maji ya vuguvugu na kitambaa, akampangusa mjukuu wake uso, shingo, katikati ya vidole, akamvalisha sweta aliyoifuma mwenyewe. Kisha akasema, "Nilijua kuna jambo. Nimekuwa nikiwaombea." Alikuwa bado hajui kwamba jambo lenyewe ni yeye.

Tuliporuhusiwa kutoka, tulikwenda kupumzika kwake. Yeye ni mshirika wa Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, tangu utoto, na katika kanisa lao kuna mama mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, ambaye watu humwendea wakiwa na mambo mazito. Mume wangu aliomba kumwona. Tulimkuta anachambua maharagwe kwenye ungo. Akatukaribisha, akaendelea kuchambua, akatusikiliza mpaka mwisho. Mume wangu akamuuliza waziwazi: "Mama, ni laana? Kwa nini mtoto huyu anaumwa?"

Akaweka ungo chini, akanyamaza. Marafiki wanajua kunyamaza mbele za Mungu, na ukimya ule ulikuwa mrefu hata nikaanza kusikia kuku nje. Kisha akasema, "Sijui, mwanangu. Mungu hajaniambia, na siwezi kumsemea jambo ambalo hajasema."

Nililia. Kwa muda mrefu tulikuwa tumezungukwa na watu wanaojua kila kitu, wanaoona vyungu chini ya vitanda vya nyumba ambazo hawajawahi kuingia. Huyu mama aliyemtumikia Mungu maisha yake yote alikuwa na ujasiri wa kusema hajui. Nilimwamini papo hapo, kuliko nilivyowahi kumwamini mtu yeyote aliyeshika kipaza sauti.

Baada ya hapo akaanza kutuuliza yeye. Daktari anasemaje? Kliniki ni lini? Mnadaiwa na nani, kiasi gani? Mmelala lini mara ya mwisho, nyinyi wawili? Na mama yako, ameshajua mlichoambiwa juu yake? Kisha akachukua Biblia yake, akafungua Marko 9, habari za baba mwenye kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini. Nilikuwa nimehubiriwa sura ile mara nyingi ndani ya lile hema. Yeye alitaka tutazame kitu kimoja tu. Yesu, kabla ya kufanya lolote, alimuuliza baba wa mtoto, "Amepatwa na haya tangu lini?" Aliuliza. Alimsikiliza mzazi. Hakumtajia bibi wala jirani, hakutaja bei, na baba yule alipokiri kwamba imani yake ina upungufu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," hakumtupia lawama kwamba ndiyo sababu mtoto haponi. Akamponya mtoto mbele ya baba mwenye imani nusu.

Kisha akafungua Yohana 9, pale wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu huyu akazaliwa kipofu, na Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Akamtazama mume wangu, akasema, "Wanafunzi walikuwa wanatafuta chungu. Bwana akawaambia hakuna chungu."

Tulipoaga, mume wangu akamtia Sh1,000 mkononi. Akairudisha. Alisema, "Nunua dawa ya mtoto. Na usinifanye Gehazi uzeeni." Tuliisoma tena tukiwa nyumbani, 2 Wafalme 5. Naamani amepona ukoma, ana fedha na mavazi tele, nabii Elisha anakataa kupokea chochote, na mtumishi wake Gehazi anamkimbilia kwa siri na uongo mdomoni ili apate fedha na mavazi. Nimeifikiria sana sura hiyo. Elisha alikuwa na haki ya kula kama mtu yeyote, na mara nyingine alipokea chakula na chumba cha kulala. Lakini siku ile alitaka mgeni yule aende kwao akijua kwamba neema ya Mungu wa Israeli hainunuliwi. Ukipokea malipo kwa uponyaji, umemfundisha mtu uongo juu ya Mungu, na huo uongo ataubeba mpaka kwa watoto wake.

Sisemi sadaka ni mbaya. Natoa, tena kwa furaha. Lakini kwenye kanisa la mama mkwe mweka hazina husimama akasoma kilichoingia na kilichotoka, mabati kiasi gani, mjane fulani alisaidiwa kiasi gani, na mtu yeyote anaweza kunyoosha mkono akauliza. Kule hemani, niliwahi kumuuliza mhudumu pesa za mbegu hufanya nini, akaniambia roho ya kuuliza ni roho ya uasi. Weka maneno hayo mawili kando kwa kando, utajua uko wapi. Waberoya walimpokea mtume Paulo mwenyewe kwa moyo mweupe, na bado kila siku waliyachunguza maandiko waone kama aliyosema ndivyo yalivyo. Matendo 17 inawaita waungwana kwa sababu hiyo. Kama Paulo alichunguzwa, hakuna mtumishi wa leo aliye mkubwa mno asiulizwe.

Mama mkwe ana namna yake ya kulieleza. Anasema wale Marafiki kutoka Marekani waliofika Kaimosi, huku magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 hawakuleta mahubiri peke yake. Walianzisha shule, matibabu, na kiwanda cha kupasua mbao. Kwake yeye, mtu kumtenganisha Mungu na hospitali ni jambo geni kabisa, kwa sababu Injili na dawa ziliingia kijijini kwao kwa mlango mmoja. Luka aliyetuandikia habari za miujiza ya Yesu alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Sasa niseme jambo lililokuwa gumu kuliko yote, maana sioni watu wengi wakiliandika. Ukishamwambia mtu kwamba mama yake ni mchawi, neno hilo halibaki ndani ya hema. Mume wangu alikuwa amewaambia dada zake. Dada mmoja aliwaambia wakwe zake. Kijijini, wanawake wawili walikuwa wameacha kuchota maji pamoja na mama mkwe na hakujua kwa nini. Huku kwetu magharibi wazee wameuawa kwa tetesi za namna hii, na sheria ya Kenya, Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, inahesabu kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa la jinai. Yule mama mwalimu alituambia kwamba msamaha wa chumbani hautatosha: neno lirudishwe kila mahali lilipofika. Kwa hiyo mume wangu aliwaita ndugu zake wote, na wale wanawake wawili, akasimama uani mwa mama yake akasema alichoambiwa, nani alimwambia, alilipa kiasi gani, na kwamba ni uongo. Sauti ilimkatika katikati, akaanza tena. Mama mkwe alisikiliza amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, mikono mapajani. Alipomaliza, alimwambia tu, "Umesema kweli mbele ya watu. Inatosha." Kisha akaenda jikoni. Siku kadhaa baadaye ndipo nilipomkuta analia peke yake nyuma ya nyumba, nikakaa naye. Kusamehe kwake kulikuwa kwa kweli, na maumivu yake pia yalikuwa ya kweli. Usimharakishe mtu uliyemuumiza.

Kwa upande wa ugonjwa, tulirudi kliniki tukaanza upya. Daktari alipandisha dozi kama alivyokuwa amesema tangu mwanzo, na kijana amemaliza muhula mzima bila kuanguka. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Laiti mtu angeniambia hivyo siku ya kwanza, ningejua kuvumilia. Weka kengele ya simu asubuhi na jioni, na usingoje kidonge cha mwisho kiishe ndipo ukanunue. Usiku wa kukesha ni hatari kwake, kwa hiyo mwanangu hahudhurii kesha hata la kanisa zuri, na mchungaji wetu anaelewa. Mwambie mwalimu wa darasa. Akianguka, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mlaze ubavu, legeza shati shingoni, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, tazama saa. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, ni hospitali moja kwa moja.

Yule mama mwalimu alituelekeza kwa mchungaji wa karibu nasi hapa Kisumu, na akatuonya tumuulize maswali huyo naye. Tulimuuliza. Alijibu mengine, mengine akasema atayaombea. Akija nyumbani hukaa na mtoto, humuuliza kama ameshameza dawa, kisha ndipo anapoomba. Hajawahi kutuambia tusiende kwa fulani. Kila mara anaturudisha kwa mtu: kwa daktari, kwa mama, kwa sacco tukazungumze juu ya deni badala ya kulikimbia. Deni hilo bado tunalilipa, na ovaloki naikodisha kwa jirani yangu wa Kibuye kila nikiwa na oda kubwa.

Rafiki wa mume wangu bado yuko kule hemani. Mwanzoni mume wangu alitaka kumwonyesha hesabu zetu zote, abishane naye mpaka aelewe, nikamwomba asifanye hivyo, maana mtu akishambuliwa hujificha ndani zaidi. Wanaendelea kufanya kazi pamoja, wanakula pamoja, anakuja kwetu na mkewe. Mkewe anatumia dawa ya presha. Juzi tukiwa jikoni nilimuuliza kama bado anameza, akatazama mlangoni kwanza, kisha akaniambia ameificha kwenye kopo la sukari. Nikampa namba yangu, nikamwambia anipigie saa yoyote, hata usiku, na Ijumaa tunakwenda pamoja akapimwe.